Msimwambie Ajikaze

Hotuba ya muuguzi wa afya ya akili mbele ya wazazi, walimu na viongozi wa dini, Tanga

Wazee wangu, shikamooni. Mashehe, wachungaji, walimu, akina mama mlioacha biashara zenu asubuhi hii, na vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumze juu ya sonona, ule ugonjwa wa akili ambao kwa Kiingereza huitwa depression. Naona nianze na swali, maana kila ninapokaa na familia ya mgonjwa swali hilo halikosi. Mgonjwa akishatoka nje, mama au kaka au mume huvuta kiti karibu, hushusha sauti, kisha huuliza: "Nesi, hivi kwa nini hajikazi? Mbona wapo waliopata makubwa kuliko yake na maisha yanaendelea?" Wanaouliza hivyo hawana roho mbaya. Wamechoka. Wamemshauri, wamemwombea, wamemgombeza, wamempeleka kwa shangazi yake akabadilishe hewa, na bado analala mchana kutwa ameukabili ukuta.

Jibu la swali hilo ndilo lililonileta hapa. Hajikazi kwa sababu kile cha kujikazia ndicho kinachoumwa. Sonona ni mwizi ambaye akiingia huanza kwa kumfunga mwenye nyumba mdomo na mikono, ndipo abebe vitu. Nguvu ya kuamka, hamu ya kutenda, akili ya kupanga, imani kwamba kesho inaweza kuwa nyingine, ujasiri wa kumwambia mwenzio "ninaumwa, nisaidie": vyote ambavyo mtu hupambana navyo na maradhi mengine, ugonjwa huu unavishika kwanza. Tukilielewa hili moja, mengine yote nitakayosema leo yataeleweka.

Yuko mama mmoja, fundi cherehani. Jina simtaji wala mtaa, na mengine katika habari zake nimeyabadilisha asije akatambulika. Alikuwa na wateja wake, sikukuu zikikaribia alikuwa akikesha na cherehani. Ilianza kwa kuamka saa tisa za usiku. Usingizi wa kwanza alikuwa akiupata vizuri tu, lakini ikifika saa tisa macho yanafunguka na hayafumbi tena mpaka adhana ya alfajiri. Katika saa hizo alikuwa akipiga hesabu: ada ya mtoto, kodi ya kibanda, maneno makali aliyomwambia marehemu dada yake zamani na hakuwahi kumwomba radhi. Asubuhi anaamka amechoka kuliko alivyolala. Kisha akaanza kukosea vipimo. Mtu aliyekuwa akimtazama mteja tu akajua kiuno chake, sasa anapima mara tatu na bado anaandika namba isiyo yenyewe. Akakata vibaya kitenge cha watu, akalipa. Wiki iliyofuata hakufungua kibanda siku mbili, iliyofuata hakufungua kabisa.

Alinieleza kuoga kulivyokuwa. Sisi tukisema "nakwenda kuoga" tunaona ni jambo moja. Kwake yalikuwa mambo mengi, na kila moja lilidai uamuzi wake: kukaa kitandani, kushusha miguu, kutafuta kanga, kuchota maji, kunyanyua ndoo, kufika bafuni, kuvua nguo. Akifika bafuni anakaa kwenye kigoda, maji yanapoa mbele yake, hajui aanzie wapi. Binti yake akapita, akamwona mama amekaa tu na ndoo, akaona ni uvivu. Na yeye mwenyewe aliona ni uvivu! Hilo ndilo lililokuwa likimuumiza zaidi. Mgonjwa wa malaria akishindwa kuamka anasema homa imemlaza. Mgonjwa wa sonona akishindwa kuamka anasema, "Mimi ni mtu wa hovyo."

Nilimuuliza lini alifurahi mara ya mwisho. Akafikiri kwa muda mrefu, akasema hakumbuki kama amewahi. Binti yake alishangaa, maana mwaka mmoja nyuma mama huyo huyo alicheza ngoma kwenye harusi mpaka kiatu kikakatika. Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi: mtu aliye ndani ya sonona huyakumbuka mabaya haraka na kwa kina, na mema huyakumbuka juujuu, hayana sura wala sauti. Kwa hiyo unapomwambia "kumbuka Mungu alikokutoa", unamtuma akachukue kitu mahali ambapo kwa sasa hafiki. Anarudi mikono mitupu, kisha anajilaumu kwa kukosa shukrani.

Na mambo haya hujifunga yenyewe kwa yenyewe. Kibanda kikifungwa, wateja wanahamia kwa fundi mwingine. Pesa ikikatika, anakopa, na mikopo ya siku hizi mnaijua, kausha damu, wiki moja tu riba imeshapanda. Mdai akigonga mlango anajificha chumbani. Kikundi cha kufa na kuzikana anaacha kwenda kwa sababu hana mchango, wenzake wanaona anawadharau, wanamnunia. Akisikia wamemnunia anasema, "Nilijua hawanipendi." Hapo mtu wa nje anaona matatizo ya pesa na ya majirani, wala si ugonjwa. Yapo matatizo, tena ya kweli. Lakini ugonjwa umeyazaa, nayo sasa yanaulisha ugonjwa. Na kila siku anayojifungia ndani anakosa vile vidogo vinavyompa binadamu moyo wa kuendelea: salamu ya jirani, kicheko cha mtoto, mteja kugeuka mbele ya kioo akasema "hapa umenipatia."

Kuna jambo jingine linalotuchelewesha sana huku kwetu. Watu wetu wengi hawaji hospitali wakisema wana huzuni. Wanakuja wakisema kichwa kinauma, mgongo unawaka, moyo unakwenda mbio, tumbo limejaa gesi, mwili wote umechoka. Hawadanganyi. Sonona inakaa mwilini kama inavyokaa moyoni, na maumivu hayo ni maumivu kweli. Anapimwa malaria, hana. Anapimwa UTI, anapewa dawa. Mwezi ujao anaambiwa ni vidonda vya tumbo. Faili linanenepa, mfuko unakonda, na hakuna aliyemuuliza, "Mama, unalala? Kuna kitu bado kinakupa raha? Umewahi kuona heri ufe?" Maswali si mengi. Lipo dodoso la maswali 9 linalotumika duniani kote, na limefanyiwa kazi kwa Kiswahili pia, linamalizika kwa dakika chache. Linauliza habari za wiki mbili zilizopita, maana wiki mbili za kukosa raha au kuwa na huzuni karibu kila siku, pamoja na dalili kama hizi nilizozitaja, ndicho kipimo cha kwanza cha kuanza kulichukulia jambo hili kuwa ni ugonjwa.

Vipimo vingine visidharauliwe lakini. Upungufu wa damu unachosha mwili vivyo hivyo. Tezi ya shingoni ikifanya kazi chini ya kiwango humlegeza mtu akaonekana ana sonona. Ndiyo maana nataka mgonjwa aonwe na mtaalamu, asihukumiwe na sisi wa barazani.

Mnaniuliza inatoka wapi. Hakuna chanzo kimoja, na anayewaambia kipo kimoja amewarahisishia. Zamani kidogo ilizoeleka kusemwa kwamba ni kemikali moja ya ubongo, serotonini, imepungua. Leo watafiti wengi wanakubali kwamba maelezo hayo hayatoshi. Damu ya ukoo ina sehemu yake. Mateso ya utotoni yana sehemu kubwa, na walimu mniwie radhi, fimbo na matusi vimo humo. Msiba, talaka, kupoteza kazi. Maradhi ya muda mrefu, VVU na kisukari kwa mfano, huja na sonona mara nyingi, na sonona ikishaingia mtu anaacha kumeza dawa za ule ugonjwa wa kwanza. Uzazi nao. Shirika la Afya Duniani linasema karibu wanawake 13 kati ya 100 waliotoka kujifungua hupata maradhi ya akili, hasa sonona, na katika nchi kama zetu idadi ni kubwa zaidi, karibu 20. Mama wa arobaini aliyefungwa tumbo vizuri, anayeletewa uji wa pilipili manga na supu, anaweza kumtazama mtoto wake mchanga asihisi chochote, na hamwambii mtu kwa sababu anajiona ni mama mkatili. Wifi na mama mkwe mlioko hapa, mkimwona analia bila sababu wiki ya tatu, ya nne, msimwambie "wenzio wanatafuta mtoto hawapati." Hilo analijua, na ndilo linalomliza.

Wanaume ni habari nyingine. Takwimu zinasema wanawake wanaipata zaidi ya wanaume, karibu mara moja na nusu, nami naziamini. Lakini mwanaume wa kwetu sonona yake mara nyingi haivai sura ya kilio. Inavaa ukali. Inavaa pombe ya kila jioni. Inavaa kukaa kijiweni mpaka saa sita usiku kwa sababu nyumbani kuna macho yanayomsubiri alete kitu. Amefundishwa tangu mdogo kwamba mwanaume halii, akatii, na sasa hana njia ya kusema. Na tukihesabu wanaojiua, wanaume ndio wengi zaidi.

Kwa watoto nitapita haraka kwa sababu ninyi walimu mna mafunzo yenu: mwanafunzi aliyekuwa mzuri akashuka ghafla, anayesinzia darasani, aliyeacha mpira, aliyekuwa mpole akawa wa kugombana. Mwiteni pembeni kabla hamjamwita ofisini.

Sasa niseme na viongozi wangu wa dini, kwa heshima zote, kwa sababu wagonjwa wengi hufika kwenu kabla hawajafika kwetu, na itaendelea kuwa hivyo. Neno linalowaumiza kuliko yote ni hili: "imani yako ni ndogo." Wakristo mnaikumbuka habari ya nabii Eliya katika Wafalme wa Kwanza, mlango wa 19. Ametoka kupata ushindi mkubwa, kisha anakwenda jangwani siku nzima, anaketi chini ya mretemu, anaomba afe. Malaika alipokuja hakumkemea. Alimgusa akamwambia inuka ule, kulikuwa na mkate juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili na chakula tena. Mazungumzo yalikuja baadaye sana, baada ya usingizi na milo miwili. Na Waislamu mnayo sura ya Yusuf. Nabii Yaaqub alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na wanawe wakamwona anazidisha, wakamwambia hutaacha kumkumbuka Yusuf mpaka uugue au ufe. Wanawe walikuwa wakisema kile kile tunachosema sisi nyumbani: sahau, yamepita. Hakuna kati yetu anayethubutu kusema nabii wa Mungu alikosa imani. Basi na huyu mama fundi tusimwambie hivyo. Dua iendelee, sala iendelee, na shehe au mchungaji atakayesema kutoka mimbari "nenda hospitali na dua nitakuombea" atakuwa ameokoa watu ambao sisi wauguzi hatuwezi kuwafikia.

Nizungumzie dawa, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapotupotea. Dawa zipo, na si ngeni. Amitriptilini imekuwa ikitumika tangu miaka ya 1960, fluoksetini tangu miaka ya 1980, na zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Shida yake ni hii: mabaya yake huja kwanza, mazuri yake baadaye. Amitriptilini siku ya kwanza tu inakausha mdomo na kumpa mtu usingizi mzito. Fluoksetini inaweza kumletea kichefuchefu na wasiwasi siku za mwanzo. Nafuu yenyewe huanza kuonekana baada ya wiki mbili, nne, wakati mwingine sita. Hebu jiwekeni hapo. Tunamwomba mtu aliyekosa matumaini aishi wiki kadhaa kwa matumaini tu, huku kinywa kimekauka na kichwa kizito. Katikati ya hapo anatokea ndugu mmoja anasema, "Hizo ni dawa za vichaa, zitakufanya zezeta." Anaacha siku ya kumi. Kisha anasema alijaribu dawa, hazikumsaidia.

Na dawa ya kwanza isipofaa? Kule Marekani ulifanyika utafiti mkubwa wa wagonjwa zaidi ya 4,000, matokeo yake yakatoka mwaka 2006. Kwa dawa ya kwanza ni karibu theluthi moja tu waliopona kabisa. Wengine walihitaji kubadilishiwa, au kuongezewa, au kupewa tiba ya mazungumzo. Namwambia kila mgonjwa jambo hili siku ya kwanza. Asiyeambiwa, dawa ya kwanza ikikataa anaamini yeye ndiye asiyeponyeka, na ugonjwa wake tayari ulikuwa ukimnong'oneza hivyo hivyo.

Halafu kuna wale wanaopona. Mwezi wa pili au wa tatu anaamka anasikia njaa, anacheka, anarudi kwenye cherehani. Familia inashangilia, dawa zinawekwa juu ya kabati. Hapana. Miongozo inasema aendelee nazo miezi 9 hadi 12 tangu alipopata nafuu kamili, ndipo zipunguzwe taratibu na mtaalamu. Hazimfanyi mtu teja, lakini ukizikata ghafla utapata kizunguzungu, usingizi utavurugika, na hatari ya ugonjwa kurudi ni kubwa. Karibu nusu ya walioumwa mara moja huumwa tena maishani. Siwatishi. Nawaambia ili mkiona saa tisa za usiku zimerudi mje wiki ile ile, msisubiri kibanda kifungwe.

Jambo moja ndugu wanasahau kulisema mbele ya daktari: kama mgonjwa huyu aliwahi kuwa na kipindi cha furaha iliyopitiliza, halali na hachoki, anaongea bila kituo, anagawa au kutumia pesa ovyo, mlisemeni. Huo ni ugonjwa wa namna nyingine, na dawa za sonona peke yake zinaweza kumharibu zaidi.

Kisha kuna swali la nauli. Mtu anatoka kijijini kule Handeni au Kilindi mpaka mjini, wataalamu ni wachache, foleni ndefu, na siku nyingine dawa imekwisha dirishani anaambiwa akanunue nje. Mkoa wetu una Lutindi, juu ya milima ya Usambara, hospitali ya magonjwa ya akili ya tangu enzi za Wajerumani, na tunaishukuru. Lakini Lutindi au Mirembe ya Dodoma hazikukusudiwa kumsubiri kila mama anayeamka saa tisa za usiku. Na majina hayo tumeyafanya tusi: "Huyu wa Mirembe." Kila tunapolitamka hivyo kwa mzaha, kuna mtu amekaa humo humo kwenye kundi anaumwa, naye anaapa moyoni hatasema kamwe. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini sisi ndio tunaomfundisha kuficha. Sheria nayo bado inafundisha hivyo, maana katika Kanuni yetu ya Adhabu kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba. Natamani na sisi tufike huko, kwa sababu aliyenusurika anahitaji kitanda na mtu wa kumsikiliza, na familia inayoogopa polisi itamficha.

Wataalamu ni wachache, basi tufanyeje? Hapa nina habari njema, na zimetoka kwa majirani.

Uganda, wilaya za Masaka na Rakai, sehemu zilizopukutishwa na UKIMWI kuliko karibu mahali popote. Mwaka 2002 watafiti walikwenda huko wakachagua vijiji 30, wakatafuta watu wazima wenye dalili za sonona. Katika nusu ya vijiji waliunda vikundi, wanaume kivyao na wanawake kivyao, wakikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa huko huko waliopewa mafunzo ya wiki mbili. Hakuna kidonge kilichomezwa. Walikuwa wakizungumza: msiba uliompata mtu, ugomvi wa nyumbani, mabadiliko ya maisha, upweke. Walipoanza, 86 kati ya kila 100 katika vikundi walikuwa wamefikia kiwango cha sonona kamili. Walipomaliza walibaki 6 au 7. Katika vijiji visivyo na vikundi, 94 walishuka mpaka 55. Maana yake muda wenyewe huponya baadhi, hilo ni kweli, lakini ukimwachia muda peke yake unawaacha zaidi ya nusu shimoni.

Zimbabwe nako, mjini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 katika kitongoji cha Mbare na bibi 14. Bibi kweli, wahudumu wa afya wa jamii, wazee wanaojulikana mtaani. Wanakaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao katika uwanja wa zahanati. Bibi anasikiliza yote, kisha anamwomba achague tatizo moja, moja tu, wapange pamoja hatua ya kulikabili wiki ile. Mwone bibi huyo anavyofanya: kazi ya kupanga, ambayo ugonjwa umemnyang'anya mgonjwa, anaibeba yeye nusu. Walilipima jambo hili katika zahanati 24, kwa watu 573, matokeo yakachapishwa 2016. Baada ya miezi sita, waliokaa na bibi wenye dalili za sonona walikuwa kama 14 kati ya 100. Waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50. Benchi hilo limeshavuka mipaka, na Zanzibar limefika. Tanga hatujakosa bibi wa kusikiliza, wala hatujakosa mbao.

Sasa nyumbani, leo jioni, mfanye nini?

Usimuulize "unataka kula nini?" Kuchagua kunamshinda. Weka uji, kaa naye, kunywa wako. Usimwambie "toka utembee, utajisikia vizuri." Vaa kandambili, mwambie "nisindikize mpaka dukani", na mkifika dukani mkarudi, imetosha kwa siku hiyo. Kesho mfike mbele kidogo. Anayesubiri hamu ije ndipo atende, kwenye ugonjwa huu atasubiri sana. Kitendo kidogo hutangulia, hamu hufuata nyuma, tena kwa kuchelewa. Binti wa yule fundi alifanya jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Alileta suruali yake ya shule iliyoachia pindo akasema, "Mama, nishikie hapa tu." Pindo moja. Siku ya tatu akaleta nyingine.

Siku ya kliniki usimwambie "usisahau kwenda." Nenda naye. Ongea wewe pale atakapokwama, eleza usingizi, eleza chakula, kwa sababu mbele ya daktari atasema "sijambo" na mtarudishwa nyumbani. Dawa zikae mahali unapopaona. Na ukichoka, maana utachoka, mpokezane na mwingine wa ukoo. Mtu mmoja hatoshi kumbeba mgonjwa huyu.

Na kuna sentensi moja ambayo mgonjwa anaweza kuitamka: "Mngepata nafuu nisipokuwepo." Mkiisikia, au mkimwona anaaga bila safari, anagawa vitu vyake, msiruke wala msimkaripie. Muulizeni waziwazi, kwa sauti ya kawaida: "Unafikiria kujiua?" Wengi mnaogopa kwamba kuuliza kutamtia wazo. Utafiti umeliangalia jambo hili sana, hakumtii wazo. Wengi hupumua, kwa kuwa hatimaye kuna mtu ameuona mzigo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata dakika moja, dawa za shambani na za kabatini ziondolewe nyumbani humo, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, usiku uwe usiku. Kwa aliyebeba hilo leo, na najua katika ukumbi wa watu wengi hivi hatumkosi: usiondoke hapa peke yako.

Wenzangu wawili wamekaa pale mlangoni na daftari. Hawaandiki jina kama hutaki. Darasa la mwisho upande wa kushoto limefunguliwa, mimi nitakuwa humo mpaka jioni, na atakayeona haya kuingia mbele za watu azungukie nyuma, mlango wa nyuma nao uko wazi. Wenyeviti wa mitaa naomba mbaki dakika kumi tuzungumzie mahali pa kuweka benchi la kwanza.